Usinunue Ukungu: Kuhusu Lenzi ya Picha za Watu kwa Mfuko wa Mwanachuo

Kila msimu wa mahafali ukikaribia napata swali lile lile kutoka kwa wenzangu wenye kamera: "Mwana, nataka lenzi ya potreti, hela yenyewe ndogo, ninunue ipi?" Wanaouliza ni watu wa kawaida kama mimi. Wengi wana zile kamera ndogo zisizo na kioo ndani, tunazoziita mirolesi, walizonunua mkononi kwa mtu, na lenzi moja ya zumu iliyokuja na kamera. Wanataka kupiga picha za wahitimu wapate hela ya kula na ya kutoa nakala. Na karibu wote, ukiwauliza kwa nini wanataka lenzi mpya, wanakujibu hivi: "Nataka ile inayofifisha nyuma. Nataka ukungu."

Naandika makala hii kuwaambia kwamba ukungu si sababu nzuri ya kutoa hela yako. Mimi niliununua, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Nasoma ualimu na nakaa Buzuruga, kwenye chumba cha kupanga si mbali na stendi. Kamera yangu ni Sony a6000, modeli iliyotoka mwaka 2014, niliyoipata ikiwa imeshatumika. Boom la mwaka wa pili lilipoingia nilikata laki mbili na nusu nikaagiza lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.2. Haikuwa na fokasi ya kujiendesha, unazungusha kwa mkono. Jina lake silitaji, kwa sababu lenzi haikuwa na kosa lolote. Ilifanya kazi iliyotengenezewa. Mimi ndiye sikujua nimenunua nini. Nilichojua ni kwamba f/1.2 inafifisha nyuma kuliko lenzi zote nilizoziona mikononi mwa washikaji, na nilikuwa tayari kula mlo mmoja kwa siku wiki tatu ili niwe nayo.

Siku ya mahafali dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniomba nimpige picha na mama yake. Huyu dada ndiye aliyekuwa akituongoza kwenye diskasheni, nusu ya darasa letu lilikwepa sapu kwa ajili yake. Mama yake anauza dagaa Ukerewe. Alikuja na meli ya Nansio siku moja kabla, mara yake ya kwanza kukanyaga chuoni kwa mtoto wake. Walitaka picha pale ufukweni zinapopigwa picha nyingi za wahitimu wa Mwanza, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma kwenye maji.

Tulifika jioni, jua linaelekea kuzama. Dada alisimama mbele na joho lake, mama akasimama nyuma ya bega lake la kulia, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe. Nikafungua tundu lote. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilipendeza: jiwe limeyeyuka, maji yamekuwa rangi tupu, macho ya dada yanawaka. Nikapiga picha thelathini na moja.

Usiku nilipofungua kwenye laptopu ndipo nilipoona. Dada yupo, hata nyuzi za joho zinahesabika. Mama hayupo. Yupo mtu mwenye kitenge na sura kama imefutwa kwa kitambaa chenye maji. Picha zote thelathini na moja. Mama alikuwa nusu hatua nyuma, na nusu hatua ilitosha kumweka kundi moja na jiwe.

Kesho yake nilizipeleka hivyo hivyo. Mama aliishika simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. Akasema, "Macho yangu haya sasa yameharibika. Mwanangu, nakuona wewe tu." Alidhani tatizo ni macho yake. Nikamwambia, "Hapana mama, macho yako mazima. Nimekosea mimi." Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, ndiyo kujifunza." Hela yao sikuichukua. Joho lilikuwa limesharudishwa, na mama alikuwa na meli ya kuwahi.

Hesabu ambayo sikuifanya

Ningekuwa nimekaa na kalamu dakika kumi kabla ya kuagiza, ningeliona hili. Lenzi ina namba mbili za kujali. Ya kwanza ni milimita, inayokuambia usimame umbali gani. Ya pili ni tundu, ile f. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga mwingi unaingia, na eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba.

Jembamba kiasi gani? Kwenye kamera kama yangu, ambayo kipande chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 23.5, lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.2, mtu akiwa mita 2.5 mbele yako, inakupa eneo kali la kama sentimita 12, kuanzia mbele hadi nyuma. Chukua rula ya shule ya sentimita 30, hilo eneo halifiki hata nusu yake. Mama yule alikuwa kama sentimita 40 nyuma ya macho ya mwanawe. Ningefunga tundu hadi f/5.6 ningepata zaidi ya nusu mita, na wote wawili wangekuwemo. Lenzi yangu ilikuwa na hiyo f/5.6. Sikuitumia kwa sababu nilishalipia f/1.2, nikaona kuifunga ni kutupa hela.

Hapo ndipo penye mtego. Mtu akinunua kitu kwa ajili ya sifa moja, atailazimisha sifa hiyo kila mahali.

Sasa msinielewe vibaya. Tundu kubwa lina faida yake, na faida hiyo ni mwanga. Zumu iliyokuja na a6000, ukiivuta hadi milimita 50, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake, mahali ambapo zumu inataka kasi ya 1/13 ya sekunde, ambapo mtu akicheka tu picha imetikisika, f/1.8 inakupa 1/125 na picha inatulia. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, au kwenye geto lenye balbu moja, hiyo ndiyo tofauti ya kupata picha na kukosa. Kwa ngozi zetu nyeusi na majoho meusi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mwanga ukipungua, cha kwanza kupotea ni alama ndogo ndogo za uso: mikunjo ya kucheka, mstari wa shavu, jicho lenyewe.

Kwa hiyo nunua mwanga. Ukungu utakuja kama nyongeza, uutumie pale unapofaa: mtu mmoja, peke yake, na nyuma kuna vurugu za bodaboda na mabango. Wakiwa wawili wapange bega kwa bega, mstari mmoja kama paredi, na ufunge tundu hadi f/4 au zaidi. Jua likiwa limeshazama na huwezi kufunga, basi kosa lilikuwa la ratiba. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta: saa sita mchana jua liko utosini na linachora mashimo kwenye macho, na likishazama giza halichelewi. Wapangie watu saa kumi na moja jioni, si saa kumi na mbili na nusu.

Pima chumba kabla ya kupima mfuko

Swali la pili ambalo watu hawaulizi ni hili: utasimama wapi? Wengi wanasoma kwamba lenzi ya potreti ni milimita 85, wanaihangaikia, halafu wanakuja kupigia picha kwenye chumba cha mita tatu.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme unataka mtu mzima kuanzia utosini hadi viatuni, na nafasi kidogo juu na chini, yaani kimo cha mita 2.1, kamera ukiishika wima. Kwa kamera ya aina ya a6000 utahitaji kusimama mbali hivi: lenzi ya milimita 30, mita 2.7. Milimita 35, kama mita 3.1. Milimita 50, mita 4.5. Milimita 56, mita 5. Milimita 85, zaidi ya mita saba na nusu. Chumba changu cha Buzuruga kina mita tatu na nusu ukiondoa kitanda. Kwa milimita 50 hata nikitoka kwenye korido na kuegemea mlango wa jirani, viatu bado vinakatika. Kwa kichwa na mabega hali ni tofauti: milimita 50 inataka kama mita 1.3 tu, na hapo geto linatosha.

Kwa hiyo kama wateja wako unawapiga nje, ufukweni au kwenye majani ya chuoni, milimita 50 ni sahihi. Kwenye sensa hizi ndogo inaona kama milimita 75 ya kamera kubwa, karibu na zile 85 zinazosifiwa. Kama kazi yako nyingi ni chumbani, chukua milimita 30 au 35. Nayo inapiga sura vizuri, ila usimsogelee mtu sana. Kinachovimbisha pua kwenye picha ni umbali, lenzi yenyewe inasingiziwa. Piga kutoka nusu mita na pua itakua, rudi mita moja na nusu na sura inarudi ilivyo. Lenzi pana inaharibu sura kwa sababu tu inakushawishi usogee.

Na kabla hujanunua chochote, nenda na zumu uliyonayo mwezi mzima. Halafu zifungue picha zako kwenye kompyuta na uangalie milimita zilizoandikwa kwenye taarifa za kila picha. Ukikuta picha nzuri nyingi zipo kwenye 48 na 50, umeshajibiwa. Ukikuta zipo kwenye 30, umejibiwa pia, bila kutoa hata mia.

Ipi sasa

Nilichofanya mimi ni kuiuza ile f/1.2, nikaongeza hela ya kupiga picha za vitambulisho, nikanunua Sony E 50mm f/1.8 OSS iliyotumika. Nilichagua hiyo kwa mambo mawili. Inatafuta fokasi yenyewe, na hizo herufi OSS maana yake ina kitulizo cha mtikisiko ndani. a6000 yenyewe haina kitulizo kwenye bodi, kwa hiyo lenzi inaisaidia. Jihadhari, kuna nyingine inaitwa FE 50mm f/1.8, inaingia kwenye kamera hiyo hiyo lakini haina kitulizo. Muuzaji anaweza kukuambia ni ile ile. Soma maandishi kwenye lenzi.

Mwenye Canon ya M50, ile ya mwaka 2018, njia yake ya bei nafuu ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilipotoka mwaka 2015 bei yake Marekani ilikuwa kama dola 125, na zilizotumika zipo nyingi. Itahitaji adapta, kwa hiyo weka bei ya adapta kwenye hesabu. Faida yake ni kwamba Canon imeshaachana na familia ya M, na lenzi ya EF utaweza kuhama nayo kwenda kamera zake mpya za RF kwa adapta nyingine. Lenzi ya EF-M itabaki na bodi yake.

Sigma 56mm f/1.4 ni nzuri, nimeishika, sitadanganya. Ila bei yake ni mara kadhaa ya hiyo Canon, na kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 mwanga hauongezeki hata mara mbili. Mteja wako wa mahafali hataiona tofauti. Hela hiyo ni kodi ya chumba. Kuna pia lenzi za zamani kama Helios 44-2 ya Urusi ya Kisovieti, milimita 58 na f/2, zinazofungwa kwa adapta ya M42. Zina ukungu wa kuzunguka unaopendwa, lakini fokasi ni ya mkono. Kwa kujifunzia, sawa. Kwa siku ambayo joho linarudishwa jioni, hapana.

Ukinunua iliyotumika, mulika ndani kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma. Sisi wa ziwani tuna unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini huota kuvu, utaiona kama utando wa buibui. Piga picha papo hapo kwa tundu lote, kisha kwa f/8, zikuze zote mbili kwenye kioo. Muuzaji asiyetaka ujaribu, muage.

"Lakini wateja wanataka ukungu"

Najua mtaniambia hivyo, na ni kweli, hata mimi wananiambia. Jibu langu ni kwamba mteja akitaka ukungu, anao mfukoni. Simu za siku hizi zinautengeneza kwa hesabu, programu inamkata mtu na kufifisha kilicho nyuma yake. Kama unachouza ni ukungu peke yake, unashindana na simu ya mteja wako, na yeye simu yake hailipii elfu tano kwa picha. Kitu ambacho simu inakosea ni kile kile nilichokosea mimi: kuamua nani ni mtu na nani ni mandhari.

Waliotutangulia walilijua hili. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akatundika kitandiko cha kitanda chake kuwa pazia la nyuma. Kwenye picha zake maua ya kile kitambaa yanaonekana, na pikipiki, saa na redio za watu zinaonekana, kwa sababu mwenye picha alitaka ndugu zake waone kwamba maisha yanakwenda. Hapa kwetu, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza imekuwepo Zanzibar tangu mwaka 1930, na watu bado wanaingia kuangalia picha za wazee wa Unguja. Wanachokitafuta mle ni nguo, viti, mitaa, na aliyesimama pembeni ya nani. Picha ya familia miaka hamsini baadaye inasomwa kwa watu wa pembeni.

Picha ya mahafali yetu ni hiyo hiyo. Mhitimu hakufika pale peke yake. Nyuma ya bega lake kuna aliyeuza dagaa, kuna kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome, kuna shangazi aliyempa chumba. Lenzi inayomfanya kila aliye nyuma kuwa ukungu inasema uongo kuhusu shahada ile, hata kama inapendeza Instagram.

Siku hizi kila mteja nampiga namna mbili. Moja peke yake kwa f/1.8, aipeleke anakotaka. Nyingine na watu wake, f/5.6, na kabla sijawaachia waondoke naikuza kwenye kioo na kuhesabu sura moja moja. Hiyo inachukua nusu dakika na haihitaji lenzi yoyote.

Yule dada sasa ameshaondoka Mwanza, anatafuta shule ya kufundisha. Tumekubaliana likizo hii, nikijaliwa nauli, nitapanda meli ya Nansio niende nikampige mama yake akiwa naye, pale pale nyumbani kwao. Joho halitakuwepo. Mama ameshaniuliza kwenye simu kama avae kitenge kile kile.